Seti ya kusafishia vito nyumbani: tumeipima kifaa kwa kifaa

Seti za kusafishia vito zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani zinafanana kama mapacha. Ukifungua boksi unakuta chupa ya dawa ya kuchovyea fedha, chupa nyingine ya sabuni ya dhahabu na almasi, kikapu kidogo cha plastiki, brashi na kitambaa cha kung'arishia. Seti kubwa huongeza mashine ndogo ya altrasoniki, ile inayosafisha kwa mawimbi ya sauti. Hukumu yetu tunaitoa mapema kwa ajili ya mwenye haraka: brashi na kitambaa vina thamani ya kweli, sabuni ya chupa ni nzuri ila haizidi sabuni ya kawaida ya vyombo, dawa ya kuchovyea iwe kimbilio la mwisho kabisa, na mashine inawafaa watu wachache wenye vito vya aina chache. Wengine wote itawatia hasara.

Kasoro kubwa ya seti hizi imo kwenye maelezo yake. Karibu zote huzungumzia uchafu kana kwamba ni kitu kimoja, wakati vito hufifia kwa njia mbili zisizohusiana hata kidogo. Ya kwanza ni nongo: mafuta ya ngozi, losheni, sabuni iliyokaukia, vumbi na jasho. Nongo inakaa juu ya metali na chini ya kito, na metali yenyewe haijaguswa. Ya pili ni weusi, na weusi hauji kutoka nje ukakaa juu. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani, ya jasho, ya mpira, ya sufu au ya yai, uso wake ukageuka kuwa salfidi ya fedha. Nongo hutoka kwa sabuni. Weusi hautoki kwa sabuni hata usugue kutwa nzima, bali hutoka kwa kusuguliwa na unga wa kung'arishia au kwa kemikali. Ukichukua dawa ya weusi ukaimwaga kwenye nongo, unaila metali bure huku nongo ikibaki pale pale.

Kuzitofautisha ni kazi ya nusu dakika. Weka tone la sabuni kwenye pamba yenye unyevu, ipitishe mara tano upande wa ndani wa pete, ule unaogusa kidole. Pamba ikitoka na ukijivu wenye utelezi na metali ikaanza kumeta, hiyo ni nongo. Pamba ikitoka safi na fedha ikabaki na rangi ya manjano, kahawia au nyeusi, huo ni weusi, na rangi hizo tatu ndizo hatua zake kwa mfuatano. Weusi ukiwa bado kwenye umanjano huondoka kwa kitambaa peke yake. Ukishafika kwenye nyeusi ya makaa, utahitaji zaidi.

Usidhani dhahabu imesalimika. Dhahabu tupu ya karati 24 haigeuki rangi, lakini pete ya karati 18 ina sehemu 750 tu za dhahabu katika 1,000, na ya karati 9 ina 375. Zinazobaki ni shaba, fedha, zinki na wenzao, na hizo hugeuka. Fedha ya 925 nayo ina sehemu 75 za metali nyingine, mara nyingi shaba, na shaba hiyo huharakisha weusi.

Sabuni na brashi

Hapa ndipo tisa kwa kumi ya kazi yote inapofanyika, na ndipo watu wanapopita mbio. Chukua bakuli, usitumie sinki, kwa sababu vito vingi vilivyopotea wakati wa kuoshwa vilipitia kwenye tundu la sinki. Tia vikombe viwili vya maji vuguvugu, yale ambayo mkono unatulia ndani yake bila kushtuka, na matone mawili au matatu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na klorini wala chembe za kusugulia. Sabuni nyingi haikusafishii haraka zaidi, inakuongezea tu kazi ya kusuuza, na isiposuuzwa vizuri huacha ukungu ule ule uliokuwa unaukimbia. Dhahabu yenye almasi iloweke kwa dakika 20 hadi 40. Fedha tupu inatosheka na dakika tano.

Sasa geuza pete, uitazame kwa chini. Pete ya almasi iliyovaliwa miezi mitatu bila kuoshwa ina tope jeupe lenye kijivu limejaa kwenye kile kitundu kilicho nyuma ya kito. Tope hilo ndilo lililozima mng'ao. Mwanga huingia kwenye almasi kwa juu, hugonga nyuso za chini, hurudi juu kwenye jicho lako. Nyuso za chini zikiwa na utando wa mafuta, mwanga unavuja kwa huko huko chini na kito kinaonekana kama kipande cha kioo cha dirisha. Ndiyo maana kusugua juu peke yake hakusaidii kitu. Almasi isitoshe inapenda mafuta kuliko maji. Migodini walitumia meza zilizopakwa grisi kwa sababu hiyo: kokoto zilipita na maji, almasi zikanasa. Tabia hiyo hiyo inaifanya ya kidoleni ishike losheni ya leo asubuhi.

Ingiza nywele za brashi kupitia nyuma ya kito, piga mipigo mifupi ya kwenda na kurudi, kisha zungusha kwenye shingo za kucha zinazokishika kito. Kwenye ukucha piga kuelekea chini ya pete, usipige kuuinua. Suuza kwenye bakuli la pili la maji safi, halafu la tatu. Kausha kwa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi. Mkufu wenye pingili ndogo huficha maji, kwa hiyo ulaze juu ya taulo hadi kesho yake kabla ya kuufungia popote.

Brashi ya kwenye seti iangalie kabla ya kuiamini. Bonyeza nywele zake kwa ukucha wa dole gumba. Zikijikunja bila kuchoma, ni nzuri. Zikikataa kujikunja, zitaacha mistari kwenye dhahabu ya karati 22, ambayo ni laini kuliko watu wanavyodhani. Mbadala wake ni mswaki mpya wa mtoto mchanga, na uwe mpya kweli, kwani mabaki ya dawa ya meno kwenye mswaki wa zamani yana unga unaokwaruza.

Chupa ya sabuni ya dhahabu na almasi haina mengi ya kusemewa. Ndani yake kuna sabuni laini, na katika baadhi ya chupa kuna amonia. Utaijua kwa harufu inayopanda puani mara unapofungua kifuniko. Amonia inakata mafuta vizuri kwenye dhahabu na almasi, lakini ni adui wa lulu, marijani, kaharabu na chochote cha shaba. Na chupa hiyo isikutane kamwe na jiki wala kitu kingine chenye klorini ndani ya bakuli moja, maana gesi inayotoka hapo ni sumu.

Kitambaa

Kitambaa kizuri kina tabaka mbili zilizoshonwa pamoja. La ndani limetiwa unga mwembamba wa kung'arishia, mara nyingi ule mwekundu unaotokana na oksidi ya chuma, na la nje ni pamba tupu. Anza na la ndani, sugua kwa mistari iliyonyooka kufuata urefu wa kitu, usizungushe, kwa sababu mikwaruzo midogo ya mviringo huonekana zaidi ikipigwa na mwanga. Malizia na la nje.

Kosa la kawaida ni kungoja kitambaa kiache kutoka cheusi. Hakitaacha. Unga ule unaondoa chembe za fedha kila unapopita, na chembe hizo zikisagwa huonekana nyeusi hata kama pete imeshakuwa safi. Tazama fedha, usitazame kitambaa. Ikishameta, acha. Kitambaa chenyewe hakifuliwi, ukikifua unga wote unaondoka na unabaki na kitambaa cha kawaida. Kiweke kwenye mfuko wake, na ukubali kuwa kimekuwa cheusi karibu chote lakini bado kinafanya kazi.

Kina mipaka mitatu. Usikitumie kwenye vitu vilivyopakwa dhahabu juu: tabaka hilo mara nyingi halifiki hata maikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na hata fedha iliyofunikwa dhahabu kwa kiwango cha juu, kile ambacho Marekani wanakitaka kianzie maikroni 2.5, haistahimili kusuguliwa kila wiki. Ukiona rangi nyekundu au nyeupe ikichungulia kwenye kingo za bangili, dhahabu pale imekwisha na hakuna dawa ya nyumbani ya kuirudisha. Usikitumie kwenye metali iliyotengenezwa isiwe na mng'ao, utaacha mabaka yanayometa. Na usikipitishe juu ya lulu, opali au feruzi, kwa sababu unga ule ule unaong'arisha fedha unazikwaruza.

Kwa fedha yenye nakshi zilizotiwa weusi makusudi kwenye mabonde yake, kitambaa kinashinda njia zote. Kinagusa vilele na kuacha mabonde na giza lake, na giza hilo ndilo linalofanya nakshi isomeke.

Njia ambayo haimo kwenye boksi

Kwa fedha tupu isiyo na kito chochote, foili ya alumini na soda ya kuokea vinafanya kazi kuliko chupa ya kuchovyea, na kwa njia ya huruma zaidi. Tandika foili ndani ya bakuli la kioo au udongo. Panga fedha juu yake, kila kipande kiguse foili. Nyunyiza kijiko kikubwa kimoja cha soda kwa kila kikombe cha maji utakachotumia, kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka. Ndani ya dakika mbili hadi tano utasikia harufu ya yai bovu, na foili itaanza kupata mabaka meusi. Harufu hiyo ni salfa inayoondoka.

Kinachotokea ni kwamba alumini inatoa elektroni zake, salfa inaiachia fedha, na fedha iliyokuwa imegeuka inarudi kuwa fedha pale pale ilipokuwa. Hapo ndipo tofauti na dawa ya chupa ilipo: ile inayeyusha salfidi na kuondoka nayo, pamoja na fedha iliyomo ndani yake. Kila mara unapoitumia, kitu chako kinapungua.

Watu husema njia hii imewashinda, na ukifuatilia unakuta sababu ni zile zile. Fedha ilirundikwa, ya juu haikugusa foili. Maji yalikuwa yamepoa. Foili ilikuwa ya jana, imeshachakaa. Au kitu kilikuwa na nongo ambayo haikuoshwa kwanza, na mafuta yakayazuia maji kufika kwenye metali. Baada ya kazi, fedha hutoka na weupe uliopooza kidogo, kwa hiyo ipitishe tabaka la nje la kitambaa. Usitumie njia hii kwa kitu chenye kito, kwa sababu ya moto wa maji, wala kwa nakshi yenye weusi wa makusudi, kwa sababu haitachagua.

Dawa ya kuchovyea

Hii ndiyo chupa inayopendwa kuliko zote, kwa sababu ni ya kasi: unachovya, unahesabu hadi kumi, weusi umetoweka. Nyingi zinatengenezwa kwa thayourea na asidi. Ulaya imeiweka thayourea kwenye orodha ya kemikali zinazoshukiwa kusababisha saratani, basi vaa glavu, fungua dirisha, na usiifanye kuwa desturi ya kila wiki.

Ikibidi kuitumia, mfuatano ni huu. Osha nongo kwanza kwa sabuni na ukaushe, la sivyo dawa itakula panapopitika na kuacha penye mafuta, na kitu kitatoka na madoadoa. Chovya kwa sekunde kumi, toa, suuza kwenye maji yanayotiririka kwa dakika nzima, kisha osha tena kwa sabuni. Kama weusi umebaki, rudia sekunde kumi nyingine. Michovyo miwili mifupi ni salama kuliko mmoja mrefu. Fedha iliyosahauliwa humo hutoka na uso uliokufa, wa kijivu na wenye vijishimo vidogo, na uso wa namna hiyo hugeuka mweusi upesi kuliko ulivyokuwa mwanzo, kwa kuwa sasa una nafasi nyingi zaidi za kukamata salfa.

Tatizo ambalo maelezo ya chupa hayalitaji ni vitu vyenye uwazi ndani. Shanga za fedha zilizo tupu katikati, bangili nene lakini nyepesi, hereni za duara zenye tundu dogo la hewa: dawa huingia humo na haitoki kwa kusuuza. Inaendelea kula kwa ndani, halafu baada ya siku kadhaa hutiririka na kuacha mstari wa doa. Kabla ya kuchovya, pima kitu mkononi. Kama ni chepesi kuliko unene wake, kina uwazi, kisiguse chupa.

Lulu, marijani na feruzi zikiingia humo hata kwa bahati mbaya, asidi huanza kazi papo hapo, na opali nayo ibaki nje. Kikapu cha plastiki kilichokuja na seti hakizuii hilo. Kufuli la chuma la mkufu pia lisizamishwe.

Mashine ya altrasoniki

Tuipe haki yake. Kwa pete ya almasi iliyofungwa imara, hakuna brashi inayofika inapofika mashine hii. Inatikisa maji kwa kasi inayokaribia au kuzidi kilohezi 40, yaani mitetemo 40,000 kwa sekunde, na mitetemo hiyo huzaa viputo vidogo visivyoonekana vinavyopasuka juu ya kila uso, mpaka nyuma ya kito na ndani ya pingili. Ukichungulia dakika ya kwanza unaona nongo ikitoka chini ya kito kama moshi mwembamba wa kijivu unaoshuka ndani ya maji. Pete iliyoonekana safi kwa macho hutoa moshi huo pia.

Ila hakikisha kwanza kuwa ulichonunua ni altrasoniki kweli. Vifaa vingi vya bei ya chini vina mota ndogo inayotikisa tu, kama mswaki wa betri, na hivyo havizidi kikombe cha maji ya sabuni kilichotikiswa kwa mkono. Kipimo ni hiki: jaza maji, kata kipande cha foili ya alumini chenye upana wa vidole viwili, kishike kikining'inia ndani ya maji bila kugusa chini, washa kwa dakika moja. Altrasoniki ya kweli itakitoboa vitundu au kukiacha na chunusi zinazoonekana ukikielekeza kwenye mwanga. Kikitoka kama kilivyoingia, rudisha mashine dukani.

Namna ya kuitumia: maji vuguvugu hadi alama, tone moja la sabuni, iwashe tupu kwa dakika tano ili hewa iliyomo ndani ya maji itoke, kwani hewa hiyo inazima viputo. Kisha weka vito kwenye kikapu, visiguse sakafu ya tangi wala visigusane. Almasi mbili zikigongana hupasuana kingo, na almasi ikigusana na kito kingine chochote, kingine ndicho kinachoumia. Dakika moja hadi tatu zinatosha. Malizia kwa brashi na maji safi.

Sasa hasara. Lalamiko linalosikika zaidi ni kwamba mashine imedondosha kito. Mara nyingi kito kilikuwa kimelegea tangu zamani na nongo ndiyo iliyokuwa inakishikilia. Mashine imeondoa gundi hiyo na kuongeza mtikiso juu yake. Kwa hiyo usiingize pete ambayo hujaikagua kucha zake, na ukimaliza chuja maji kabla ya kuyamwaga.

Hasara ya pili huwezi kuirekebisha nyumbani. Zumaridi nyingi zina nyufa za asili ambazo zimejazwa mafuta au utomvu ili zisionekane. Mashine inayatoa mafuta hayo, na kito kilichoingia kijani kibichi hutoka na mistari myeupe kama kioo kilichopasuka. Tanzanaiti na topazi zina njia za kupasukia ndani yake, na mtikiso au mabadiliko ya ghafla ya joto huzipasua kwa kufuata njia hizo. Opali, lulu, marijani, feruzi, kaharabu, malakaiti na lazuardi zote zibaki nje. Yakuti nyekundu na yakuti samawi ambazo hazijajazwa chochote hustahimili. Lakini sokoni zipo yakuti nyekundu zilizojazwa kioo chenye risasi, na kioo hicho ni dhaifu hivi kwamba hata maji ya limau huacha alama juu yake. Ikiwa kito chako ni kikubwa, chekundu kizuri, na kiliuzwa kwa bei isiyolingana na ukubwa wake, chukulia kimejazwa, ukioshe kwa sabuni laini tu.

Basi kama sanduku lako lina pete za almasi zinazovaliwa kila siku, mashine itakulipa. Kama lina fedha, lulu na mchanganyiko wa mawe ya rangi, iache dukani.

Dawa ya meno haimo kwenye seti yoyote, lakini inapendekezwa kila mahali hivyo tuiseme: hapana. Imetengenezwa kusugua jino, na fedha na dhahabu ni laini kuliko jino kwa mbali. Inang'arisha kwa kuchora maelfu ya mikwaruzo midogo, na baada ya mara tatu nne metali inapata ukungu ambao ni sonara peke yake anayeweza kuuondoa kwa mashine yake.

Mawe laini, na lulu hasa

Kwa vito hivi seti nzima haina kitu isipokuwa kitambaa kingine kabisa: cha pamba, safi, kisicho na unga wowote. Kwanza elewa vumbi. Ndani ya vumbi la nyumbani mna chembe za kwatzi, madini ya mchanga, ambayo ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambako chenye namba kubwa hukwaruza chenye ndogo. Opali iko kati ya 5.5 na 6.5, feruzi 5 hadi 6, lulu haizidi 4.5, kaharabu ni 2 hadi 2.5. Ukifuta lulu kavu yenye vumbi, unaisugua kwa msasa. Kitambaa kiwe na unyevu siku zote.

Lulu zifutwe moja moja kila zinapovuliwa, kabla jasho na manukato havijakauka juu yake, kwa sababu lulu ni kalisi kaboneti na asidi yoyote, hata ya jasho, huila taratibu. Usizizamishe majini: uzi unakunywa maji, unavutika, na uchafu unaingia kwenye tundu. Zikishafutwa zilazwe bapa, zisitundikwe, hadi uzi ukauke. Zichunguze karibu na kufuli, ambako uzi huchakaa mapema. Ukiona nafasi kati ya fundo na lulu, au uzi umekuwa wa kahawia, zipeleke kutungwa upya. Na hazipendi kufungiwa kwenye plastiki isiyopitisha hewa, zinahitaji unyevunyevu kidogo.

Opali ina maji ndani yake na hupasuka ikikaushwa ghafla, na kama imebandikwa juu ya jiwe jingine, maji ya kulowekea yanaingia kwenye gundi na kuleta ukungu usiotoka. Feruzi inafyonza mafuta na kugeuka kijani. Kaharabu huharibiwa na spiriti, ikiwamo iliyomo kwenye manukato na vitakasa mikono. Zumaridi ioshwe kwa maji vuguvugu na tone la sabuni, kwa haraka, bila kuloweka. Kwa hayo yote, vito viwe vya mwisho kuvaliwa, baada ya mafuta na manukato kukauka, na vya kwanza kuvuliwa.

Kukagua kucha

Kila baada ya kuosha, pete ikiwa kavu, ilete sikioni na uigonge kwa kidole. Ukisikia mlio wa kitu kinachocheza, kito kimelegea. Kisha chukua njiti ya kuchokolea meno, usukume kito kwa upole kutoka pembeni, ukitazama kwa lenzi inayokuza mara kumi. Pitisha pete juu ya soksi nyepesi ya nailoni: ukucha unaonasa uzi umeinuka. Usijaribu kuukaza kwa koleo. Ukucha uliochakaa ni mwembamba kuliko unavyoonekana, na hukatika badala ya kujikunja. Iweke pete kwenye mfuko mdogo, pamoja na kito kama kimetoka, umpelekee sonara.

Klorini ndiyo inayochosha kucha bila kuonekana. Maji ya bwawa la kuogelea na jiki huishambulia dhahabu kupitia zile metali zilizochanganywa nayo, na dhahabu nyeupe yenye nikeli huathirika zaidi: hupata nyufa ndogo kwenye kucha hadi siku moja ukucha unakatika. Vua kabla ya kuogelea na kabla ya kufua. Dhahabu nyeupe ikianza kuonyesha umanjano, usiisugue, hiyo si nongo. Ni tabaka la rodiamu, metali nyeupe iliyopakwa juu, lililokwisha, na sonara hulipaka upya.

Kuhifadhi

Kila kitu kwenye mfuko wake, kwa sababu almasi na yakuti hukwaruza vyote vilivyo jirani. Fedha ikae kwenye mfuko wa plastiki wa kubana, hewa imetolewa, pamoja na kipande cha karatasi ya kuzuia weusi. Mbali na bendi za mpira, sufu na kadibodi, ambazo zote hutoa salfa. Mkufu mwembamba upitishe nusu yake ndani ya mrija wa kunywea, funga kufuli, ndipo uutie mfukoni. Hautajifunga fundo.